Ramani ya kata imegoma: dalili na visababishi kwa wanaopanga hatua za tabianchi

Mwenyekiti wa mtaa alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akauliza, kwa ule upole wa wazee unaouma kuliko karipio: "Mwanangu, huu mto mmeuhamisha lini?" Kwenye ramani tuliyoibandika ukutani mto ulikuwa umeliacha bonde lake ukapita nyuma ya shule, mahali ambapo hata chura hajawahi kulia. Sisi tulikuwa tumeihangaikia ramani ile wiki tatu. Yeye alitumia nusu dakika.

Mwongozo huu umetokana na aibu za namna ile. Nimeuandika kwa ajili ya ofisa mazingira wa halmashauri, mjumbe wa kamati ya tabianchi ya kata (au wadi, kwa wenzetu wa Kenya), na kijana aliyekabidhiwa simu na fomu akaambiwa akachore mitaro kabla masika hayajaingia. Nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo unayokutana nayo kwanza. Makosa ya mwanzo yanajitangaza yenyewe. Ya mwisho hayaonekani, ramani inapendeza, na ndiyo yanayopeleka hela ya mradi pasipostahili. Mwenye haraka aanzie mwisho.

Kabla ya kufungua programu yoyote, tazama kosa limeshika nini. Kama kila kitu kimesogea upande uleule na kwa umbali uleule, tatizo ni mipangilio. Usiburute hata nukta moja kwa mkono. Kama baadhi ziko sawa na nyingine zimetawanyika ovyo, tatizo lilianza kwenye simu au kwa aliyeishika. Kama kila kitu kiko mahali pake na bado wenyeji wanatazamana, funga kompyuta, vuta kiti, sikiliza.

## Visima vya Temeke vimeonekana Hispania

Hii ndiyo dalili ya kuchekesha kuliko zote na ndiyo rahisi kutibu, kwa sababu mahali nukta zilikopotelea panakutajia kosa. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Nukta zikitua magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno, umezipishanisha: latitudo imewekwa kwenye X na longitudo kwenye Y. QGIS (programu ya bure ya kutengenezea ramani) inataka longitudo kwenye X. Zikitua kwenye milima ya Ethiopia, alama ya kutoa imedondoka njiani, aghalabu pale mtu alipokuwa ananakili kutoka kwenye daftari. Zikirundikana baharini katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, hizo ni sifuri tupu: fomu ilitumwa kabla simu haijapata setilaiti, na badala ya kubaki wazi, safu ikajazwa 0. Hapo kompyuta haina dawa. Rudi ukapime.

Zikipotelea karibu na Ncha ya Kaskazini, koodineti zako (namba za mahali) ni za mita, si za digrii, na umechagua kanda ya kaskazini ya UTM (mfumo unaopima mahali kwa mita) badala ya kusini. Kusini mwa ikweta huongezwa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi, ndiyo maana Dar es Salaam inasomeka zaidi ya 9,200,000. Ukiiambia kompyuta kwamba hizo ni mita za kwenda kaskazini kutoka ikweta, itakutii na kukufikisha kwenye barafu. Kwa Tanzania, mashariki ya longitudo 36 tumia EPSG:32737 (EPSG ni namba za kuitambulisha mifumo ya koodineti). Magharibi yake mpaka longitudo 30, Dodoma ikiwemo, EPSG:32736. Ukizichanganya hizo mbili vitu vinaruka zaidi ya kilometa 600.

Wakenya wana mtihani wa ziada, maana ikweta imeipasua nchi yao: Makueni ina alama ya kutoa, Isiolo haina. Faili lenye kaunti zote mbili halisahihishwi kwa kubandika alama ya kutoa safu nzima. Nimeona ikifanyika, na visima vya Garba Tula vikaonekana ng'ambo ya mto Tana.

Na kama nukta hazionekani popote, angalia desimali. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa baadhi ya nchi za Ulaya huandika -6,81 kwa alama ya mkato, na QGIS inalichukua hilo kuwa neno, si namba.

## Kila kitu kimesogea kama mita mia tatu

Huu ndio ugonjwa wa mto wa mwenyekiti. Ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000, Kenya na Tanzania, zilichorwa kwa datamu (msingi wa kupimia dunia) ya Arc 1960. GPS ya simu inatumia datamu nyingine, WGS 84. Kwetu huku tofauti ya hizo mbili ni takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Afadhali kisima kilichokimbilia Hispania, hicho utakitafuta. Mita 300 hazimshtui mtu: mto unabaki mto, barabara barabara, ila nyumba za bondeni zinahesabiwa kuwa salama na za kilimani zinaingia kwenye orodha ya kuhamishwa.

Uliza faili lilitoka wapi. Kama lilifuatishwa kutoka kwenye karatasi ya zamani, litangazie datamu yake halisi: kwa mashariki ya longitudo 36 ni EPSG:21037, siyo 32737. Neno ni kutangaza. QGIS ina milango miwili. Mmoja unaiambia programu kwamba tabaka hili (yaani faili hili kwenye ramani) ni la Arc 1960 tangu lilipozaliwa. Mwingine unazikokotoa namba upya ziingie mfumo mwingine. Anayepita mlango wa pili kabla ya wa kwanza anakokotoa juu ya uongo. Ukimaliza, pima kwa vitu vitatu visivyohama: daraja, njia panda ya zamani, msikiti au kanisa. Kimoja hakitoshi, kwa sababu kimoja kinaweza kukubaliana nawe kwa bahati.

Kama umbali ni mita tano hadi ishirini, usiilaumu datamu. Ni picha ya setilaiti haikukaa sawa. Kwenye JOSM (programu ya kuchorea OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia inayochorwa na watu wenyewe) unaweza kuisogeza picha mpaka barabara zilingane na nyayo za GPS za watu waliozitembea, na ufanye hivyo kabla hujachora hata nyumba moja. Hapohapo tazama tarehe ya picha. Bonde la Msimbazi lililopigwa picha kiangazi cha miaka mitano iliyopita si bonde la leo. Kingo zimeliwa na nyumba nyingine zimekwenda na maji. Na tafadhali, usifuatishe picha za Google ukapeleka kazi OpenStreetMap. Leseni hairuhusu, na jasho lenu litafutwa.

## Simu inadai usahihi wa mita nne, nukta iko juu ya paa la jirani

Zile mita nne ni simu inajipa maksi yenyewe. Chini ya bati, au kwenye uchochoro wa kuta zilizobanana, mawimbi ya setilaiti yanagonga na kurudi, na simu haijui kama imedanganywa. Washa GPS ukiwa njiani, siyo baada ya kufika. Simama mahali penye anga, subiri namba itulie, ndipo uchukue. ODK na KoboToolbox, programu za kujazia fomu kwenye simu, zinakuruhusu kuweka kiwango ambacho fomu haikubali nukta mbovu kuliko hapo. Kiweke, ila usiwe mkali mno kwa mitaa iliyosongamana, la sivyo mdadisi atasimama juani robo saa kwa kila nyumba.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hii: nukta arobaini zimerundikana sehemu moja. Mara ya kwanza nilidhani simu imeng'ang'ania eneo la zamani, na kweli hilo hutokea. Lakini linganisha na saa za fomu. Fomu arobaini ndani ya dakika hamsini, zote hatua chache kutoka kwa mama ntilie, maana yake wadadisi walizijaza wakisubiri chapati. Usianze kufoka. Jiulize mliwalipaje. Sisi tulikuwa tunalipa kwa idadi ya fomu, bila nauli, kwenye jua la saa nane. Tulinunua fomu, tukauziwa fomu. Tulipoanza kulipa kwa siku na kumpa kila mmoja eneo dogo analoweza kulimaliza, nukta zilianza kusambaa zenyewe.

## Takwimu hazishikani na mipaka

Umeunganisha jedwali la watu na tabaka la kata, na kata kadhaa zimebaki nyeupe. Mara nyingi ni nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa jina, au "Oldonyiro" huku na "Oldo Nyiro" kule. Unganisha kwa msimbo, si kwa jina, na uzuie Excel isile sifuri ya mbele: msimbo wa mkoa wa Dar es Salaam, 07, ukishageuka 7 haushikani na chochote. Kama misimbo iko sawa na bado kuna matundu, kata zimegawanywa. Mipaka ya sensa ya 2012 haiwezi kubeba takwimu za sensa ya 2022. Ukilazimisha utapata kata iliyofurika watu pembeni ya kata tupu, na kuna mtu ataiandikia mradi.

## Kata nzima imepakwa rangi moja

Ulitegemea ramani ya mvua ionyeshe mtaa gani unanyeshewa zaidi. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazotokana na setilaiti na vituo vya mvua, ambazo ndizo wengi wetu tunazitumia kwa kuwa ni za bure na zinaanzia 1981, zimekatwa vipande vya nyuzi 0.05, yaani kama kilometa tano na nusu kwa kila upande. Kata kama Tandale au Manzese inamezwa nzima ndani ya kipande kimoja. Kuna wanaobonyeza kitufe cha kulainisha ili rangi zififie kwa madaha kutoka mtaa hadi mtaa. Hiyo ni rangi ya mdomo. Tumia takwimu hizo kulinganisha miaka, au kwa wadi kubwa za Wajir na Isiolo, ambako kipande kimoja ni sehemu ndogo tu ya eneo. Kwa mitaa ya mjini, mvua ni ileile. Kinachotofautisha ni mahali maji yanapokwenda yakishaanguka.

## Maji yanapanda mlima

Umetengeneza ramani ya mafuriko. Buluu imelikwepa Jangwani, ambako kila mkazi wa Dar es Salaam anajua barabara hufungwa Msimbazi ukijaa, ikatanda juu ya mtaa usiowahi kulowa.

Mshukiwa wa kwanza ni modeli ya miinuko, yaani faili la urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. SRTM, ile inayopakuliwa na kila mtu, ilipimwa Februari 2000 na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11. Rada ile haikuona ardhi peke yake. Iliona mapaa na vilele vya miembe, kisha ikavipatia wastani ndani ya vipande vya mita 30. Makosa yake ni ya mita kadhaa kwenda juu au chini. Kwenye miteremko ya Lushoto unaweza kuyavumilia. Kwenye tambarare ya pwani, ambako nusu mita ndiyo tofauti ya kulala kitandani na kulala juu ya meza, yanaifuta ramani yote. Modeli ya Copernicus ya mita 30 ni mpya na safi zaidi, lakini nayo inaona mapaa. Na hakuna hata moja kati yake inayouona mtaro wa upana wa mita moja, wakati mjini maji hufuata mitaro, makalvati na taka zilizoyaziba.

Ndiyo sababu Ramani Huria, mradi wa ramani za jamii ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, haikuishia kwenye setilaiti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walitembea na wakazi katika kata zinazofurika, wakachora nyumba, njia na mitaro, wakaziweka kwenye OpenStreetMap ambako yeyote anaweza kuzichukua. Droni zilipaa pia. Zanzibar nao walirusha zao kuanzia 2016, vijana wa chuo kikuu cha SUZA pamoja na Tume ya Ardhi, wakapiga picha Unguja na Pemba.

Huna droni? Una futi kamba na midomo ya watu. Kwa kila mtaro andika upana, kina, umejengwa kwa nini, unamwaga wapi, na kama umeziba. Kwa kila nyumba uliza maji yalifika wapi, lakini usiulize kwa mita. Uliza kwa mwili: kifundo, goti, kiuno, kifua. Kisha, na hapa wengi husahau, pima goti la aliyejibu, kwa sababu goti la bibi na goti la kijana wa mpira wa kikapu si kipimo kimoja. Hakikisha pia mnazungumzia mafuriko yaleyale. Ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018 huchanganyika kichwani. Yafunge kwenye jambo la nyumbani, kama darasa alilokuwa anasoma mtoto wao au mwaka walioezeka chumba cha uani. Alama ya matope ukutani ni shahidi mzuri kuliko wote, kama hawajapaka rangi.

Ukishapata hayo, chonga mitaro ndani ya modeli kabla ya kuendesha maji tena. Matokeo yakiendelea kupingana na watu ishirini walioulizwa mbalimbali, modeli ndiyo inayorekebishwa.

## Setilaiti inaona kijani, mfugaji anaona njaa

Kipimo cha ukijani kinasema malisho ya wadi yako vizuri kuliko mwaka jana. Wazee wanasema ng'ombe wanaanguka. Wote wanaweza kuwa wakweli. Setilaiti haiulizi kijani hicho kinalika au hakiliki. Kule nyanda kame za Kenya mkosaji mara nyingi ni mathenge, mti ulioletwa ili uzuie jangwa, ukatambaa ukafunga njia, malisho na mabwawa. Maganda yake yamejaa sukari na yanaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe kielelezo katika kesi yao dhidi ya serikali. Kwenye ramani ya ukijani, shamba la mathenge linang'aa kama bustani.

Njia ya kulibaini: linganisha picha ya baada ya mvua na picha ya kilele cha kiangazi. Nyasi hukauka. Kinachobaki kijani mara zote mbili ni mathenge, au miti ya kandokando ya mto, au shamba la umwagiliaji. Tembelea angalau sehemu ishirini pamoja na mchungaji, siyo na ofisa peke yake, na kila sehemu andika mnachokiona. Ndipo upake rangi.

## Kisima kipo, maji hakuna

Hapa nukta iko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba fomu iliuliza "ni nini?" ikasahau kuuliza "lini?" na "nani?". Kisima kinachotoa maji miezi minne, kisima cha maji ya chumvi, na kisima kilichofungwa kwa kuwa jenereta haina dizeli vinachorwa kwa alama ileile ya buluu. Neno "bwawa" nalo limebeba mengi mno: lambo la kijiji, silanga iliyochimbwa kwa tingatinga, na dimbwi linalokauka wiki ya pili baada ya mvua.

Ongeza safu kumi na mbili kwenye fomu, moja kwa kila mwezi, zijazwe ndiyo au hapana. Ongeza ladha ya maji, watumiaji (watu, mifugo au wote), na mwenye ufunguo. Kisha chapisha ramani mbili, ya Mei na ya Septemba, uziweke pamoja. Nimeona kikao kilichokuwa kinapiga miayo kikaamka pale karatasi ya Septemba ilipofunuliwa, buluu ikiwa imebaki alama tatu.

## Ramani ni safi na hakuna anayebisha

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa. Projekta imewashwa, unauliza "Je, hapa pako sawa?", vichwa vinainama, soda zinafunguliwa, kikao kinaisha mapema. Mwaka mmoja baadaye kisima kimechimbwa pasipotakiwa, na kila mmoja anakwambia alijua tangu mwanzo.

Kisababishi kimoja ni mpangilio wa kikao. Ukianza kwa kurusha picha ya setilaiti ukutani, watakaozungumza ni wale waliozoea kusoma picha: mwalimu, kijana wa simu, mstaafu wa jeshi. Wenye ardhi wanageuka watazamaji. Kule Isiolo, na baadaye Longido, Monduli na Ngorongoro, kazi ilipangwa kinyume chake. Wenyeji walichora kwanza wenyewe, chini kwenye udongo na kwenye karatasi, kila kitu kwa ukubwa wa umuhimu wake. Baada ya hapo ndipo picha za Google Earth zikawashwa, na kila walichokichora kikatafutiwa mahali pake. Mchoro wa udongo una vipimo vya ovyo, lakini unakuonyesha nini kinahusiana na nini, jambo ambalo koodineti haziwezi.

Chukua malisho ya Waborana. Wazee wa dedha, wanaosimamia malisho kwa mila, wanaigawa ardhi: huku ni kwa msimu wa mvua, huku kwa kiangazi, na kule ni akiba ya mwaka wa ukame, haiguswi mpaka hali iwe mbaya kwelikweli. Wamaasai nao wana malisho ya akiba waitayo alalili, Wasukuma ngitili. Mipaka hiyo setilaiti haiioni kwa sababu si kitu, ni makubaliano. Sasa mpangaji mwenye nia njema anatazama ramani yake, anaona eneo kubwa lenye nyasi na lisilo na maji, anasema hapa pana upungufu, pachimbwe kisima. Kumbe ukosefu wa maji ndio uliokuwa mlango na kufuli ya akiba ile. Kisima kikifunguliwa mifugo inakaa mwaka mzima, na ukame ukifika hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo kabla ya kuchora nukta, chora masharti. Swali langu la kwanza siku hizi ni hili: nani haruhusiwi kunywesha hapa, na mwezi gani? Jibu lake linajaza ukurasa.

Kisababishi cha pili ni nani aliyekaa mbele. Wanawake wakiketi nyuma ya wanaume, ramani itajaa njia za ng'ombe na itakosa njia za kuni. Fanya kikao chao peke yao, saa wanayoichagua wao, na mwandishi awe mwanamke. Wao ndio wanaojua kisima gani maji yake hayaivishi maharage na mafuriko huingilia mlango upi wa jikoni.

Cha tatu ni mipaka. Malisho hayana mstari mwembamba mweusi, lakini kompyuta inaupenda. Mstari uliochorwa na kata moja ni tangazo la ugomvi kwa kata ya pili. Alika jirani kabla ya kuchora, na pale wanaposhirikiana weka kivuli kinachoingiliana badala ya mstari.

Kuna kipimo nilichojifunza baada ya yule mwenyekiti. Kabla ya kikao cha kuhakiki, hamisha kwa makusudi kitu kimoja kinachojulikana na wote, josho au soko, ukipeleke ng'ambo ya barabara. Kama mtu hajapiga kelele ndani ya dakika kumi, hao hawaisomi ramani, wanakufanyia adabu. Simamisha kikao, iwekeni karatasi chini sakafuni, igeuzeni mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini halisi, muanze kwa "sisi tumekaa wapi hapa?". Kisha ungama ulichofanya, wacheke, na urudishe josho mahali pake palepale mbele yao. Usije ukalisahau ndani ya faili.

## Ramani imekamilika, bajeti imeshapita

Kenya na Tanzania mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kaunti za Kenya zinatakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1 ya mwaka unaotangulia, na Tanzania mabaraza ya madiwani huwa yanapitisha makisio miezi ya mwanzo wa mwaka. Ramani inayofika baada ya hapo inapigiwa makofi na kuwekwa kwenye kabati. Hesabu kurudi nyuma: miezi miwili ya kukusanya, mmoja wa kusafisha, mmoja wa kuhakiki.

Umbo nalo linaua. Diwani hawezi kubishania kiungo cha intaneti kinachokula bando. Mpe karatasi ya A3 yenye mapendekezo matatu yaliyopewa namba, na namba hizohizo ziwe kwenye ramani na kwenye muhtasari wa kikao. Mifuko ya tabianchi ya kaunti iliyojaribiwa Isiolo, kisha Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, iliiachia kamati za wadi zichague miradi zenyewe. Kamati inayochagua inahitaji kitu cha kunyooshea kidole.

## Milango imefungwa, watu hawataki kuhesabiwa

Mnabisha hodi bondeni, watoto wanasema baba hayupo, na baba anaonekana dirishani. Dar es Salaam hilo lina historia yake: kuanzia Desemba 2015 bonde la Msimbazi liliona maofisa, alama za X nyekundu ukutani, na tingatinga. Mwananchi anayekuona na simu yenye GPS hana sababu ya kuamini kwamba wewe ni wa aina nyingine. Nenda na mjumbe wa shina anayefahamika, sema wazi takwimu zitakwenda wapi, na kama hujui zitaishia wapi, usizikusanye.

Wafugaji nao wana hofu yao. Ukiweka akiba ya ukame kwenye ramani ya wazi, umewatangazia wenye malori ya mifugo kutoka mbali. Vivyo hivyo kwa chemchemi za siri, mizinga ya nyuki na makaya (misitu mitakatifu) ya Wamijikenda. OpenStreetMap ni uwanja wa wote. Kilichoingia humo hakirudi ndani. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ila hazikuandikwa kwa ajili ya malisho.

Tengeneza mafaili mawili tangu siku ya kwanza. La wazi liwe na barabara, mitaro, shule, zahanati na vituo vya maji vya umma. La kamati liwe na akiba, mapito, nyumba zilizo hatarini, na lisiwe na majina wala namba za simu za wenye nyumba. Hili la pili lifungwe kwa nenosiri, na nenosiri awe nalo katibu wa kamati, siyo mrusha droni.